Mabegani mwa manabii

Leo nimefika Chartres. Nilitoka Paris asubuhi kwa treni, safari ya kama saa moja, na mji wenyewe bado sijauona. Nikishaingia katika Kanisa Kuu la Bikira Maria sikutoka tena mpaka shingo ikaanza kuuma.

Wengi huja hapa kwa ajili ya buluu ya vioo vyake, na buluu hiyo ni nzuri kweli. Mimi nimenaswa upande wa kusini, chini ya dirisha kubwa la duara, penye madirisha 5 marefu na membamba ya karne ya 13. La katikati ni Bikira Maria na Mtoto. Katika yale 4 ya pembeni kuna watu wawili wawili: nabii amesimama, na mwinjili ameketi mabegani mwake. Matayo kabebwa na Isaya, Luka na Yeremia, Yohane na Ezekieli, Marko na Danieli. Manabii ni mapande ya watu. Wainjili ni wadogo, wamekaa kama watoto, mguu huku na mguu kule.

Baba yangu ni katekista wa miaka mingi. Kabla sijajua kusoma alikwisha kunifundisha kuwatambua watakatifu kwa vitu vyao: Petro kwa funguo, Katarina kwa gurudumu, Laurenti kwa chuma alichochomewa juu yake. Wainjili nilijua ni mtu mwenye mabawa, simba, ng'ombe na tai. Hapa mwinjili namtambua kwa mzee aliyembeba, na naona alama hii inasema mengi kuliko simba. Agano la Kale limekaza magoti, Agano Jipya limekaa juu likitazama. Isaya alitabiri asichokiona. Matayo anakiona, lakini kwa urefu wa Isaya.

Karne moja kabla ya vioo hivi palikuwa na mwalimu katika shule ya kanisa hilihili, Bernard wa Chartres. John wa Salisbury, aliyekuja kuwa askofu hapa, ameandika kwamba Bernard alikuwa akisema sisi ni kama mbilikimo waliopanda mabegani mwa majitu: tunaona mbali, wala si kwa ukali wa macho yetu.

Chini kabisa ya madirisha wamepiga magoti mtawala wa Bretagne, Pierre wa Dreux, na jamaa yake, waliotoa fedha za kuyatengeneza. Sikukaa sana kwao.

Nilirudi kwa Yeremia. Vipande vya rangi vimeshikwa kwa mistari myeusi ya madini ya risasi, na jua la adhuhuri lilipopiga, mistari ile ikawa kama mishipa ya mtu aliyebeba mzigo. Nikakumbuka Jumapili ya Matawi moja nikiwa mdogo. Umati ulikuwa mkubwa, nikalia kwamba simwoni padri. Baba akanipandisha mabegani, na kote njiani nikaona vichwa, matawi, na msalaba mbele kabisa.

Jioni nimempigia simu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza habari za vioo, kisha nikamuuliza kama anaikumbuka siku ile ya matawi. Akanyamaza kidogo.

"Naikumbuka," akasema. "Ulinishika masikio mpaka tukafika altareni."