Mvua ya dakika arobaini Mwanga

Nilikuwa fildi ya chuo Kigoma, napima mvua, nimepanga chumba Mwanga kwa mama mmoja muuza mkaa na kipimamvua nimekisimika uwanjani kwake. Utaratibu wa vituo vya hali ya hewa ni kusoma saa tatu asubuhi, unaandika milimita za saa 24 basi. Ila siku hiyo mchana wingu lilivyosimama juu ya vilima nikaona asubuhi mbali, nikawa natoka kila dakika kumi na daftari ndani ya mfuko wa nailoni, mama yuko barazani anapiga kelele, "We mwanangu ingia ndani, radi za huku zinaua!" "Namalizia mama."

Dakika kumi za pili peke yake, milimita 19. Ilipokata, dakika kama 40 hivi, jumla 52. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo bati la yule mama tu, mita 8 kwa 10, lilimwaga zaidi ya lita 4,000, yaani madramu 20 yale makubwa, sasa weka na mabati yote ya juu yetu na vichochoro vya udongo uliokanyagwa mpaka mgumu, maji hayazami ardhini, yote yanashuka korongoni kuelekea ziwani. Tulisikia mawe yanagongana kabla hatujaona maji. Fundi nguo jirani tuliwahi kumtolea cherehani, kibanda kikaenda.

Mama ndo akaniambia, "Mbona juzijuzi ilinyesha kutwa nzima korongo halikufika hata magotini?" Nikafungua daftari. Siku hiyo ya kutwa: 54.

Nilikaa kimya muda mrefu kwa kweli. Nilishasoma habari za Genova kule Italia, milima imeegemea bahari kama vilima vyetu na ziwa, Novemba 2011 kijito cha mtaani kikafurika ghafla watu 6 wakafa, lakini kusoma ni kitu kingine. Usiku uleule nikampigia mwalimu wangu, nikamwambia jumla za siku hazinitoshi, haziniambii mvua imeshuka kwa kasi gani, nataka kipima kinachojirekodi, kile chenye vijiko viwili vinavyopinduka kimoja kikijaa na kinaandika saa. Kikaja na basi, tukakifunga palepale, na mama akawa ndo mwangalizi wake, majani yasizibe mdomo.