Leseni za programu ya hifadhidata kwa kompyuta kumi na sita

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliponiomba nikitengenezee programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama, swali la kwanza la mwenyekiti halikuhusu fomu wala ripoti. Aliniuliza, "Fundi, kompyuta zetu ni kumi na sita. Kila moja tuinunulie Office?" Nilikuwa nimekwisha kuandika karibu nusu ya programu kwa Microsoft Access, programu ya hifadhidata inayokuja na baadhi ya matoleo ya Office, bila kuliwaza hilo, kwa kuwa kwenye kompyuta yangu Access ilikuwapo na kazi ilikwenda. Kwao, baadhi ya kompyuta zilikuwa na Word na Excel peke yake, na nyingine, tuseme ukweli, zilikuwa na Office iliyochakachuliwa.

Jibu la gharama nafuu lipo, nalo linaitwa Access Runtime. Hiyo ni Access iliyopunguzwa: mtumiaji anafungua fomu, anaingiza taarifa na kuchapa ripoti, lakini hawezi kubadili muundo wa kitu chochote. Zamani, aliyetaka haki ya kuisambaza alilazimika kununua vifaa maalumu vya waandishi wa programu. Kuanzia toleo la 2007 Microsoft wanaitoa bure, na unaweza kuisakinisha kwenye kompyuta za wateja wako bila kulipia kila moja. Anayehitaji leseni ya Access kamili ni yule anayeandika na kurekebisha programu, yaani mimi.

Hata hivyo, bure ya leseni haikuwa bure ya kazi. Runtime hutakiwa ilingane na Office iliyopo kwenye kompyuta, biti 32 kwa biti 32 na 64 kwa 64, na zisipolingana kisakinishi hugoma. Ilinibidi nizunguke meza kwa meza na daftari, nikiandika kila kompyuta ina nini. Tatizo la pili lilinifedhehesha zaidi. Siku ya kwanza ya kazi, karani wa dirishani aliandika kiasi cha akiba kama tunavyokiandika sote kwenye risiti, "50,000/=", katika kisanduku ambacho msimbo wangu ulitarajia tarakimu tupu. Kwenye Access kamili ningeonyeshwa ujumbe wa kosa na mstari wenye hitilafu. Kwenye Runtime, kosa la msimbo ambalo hukulitayarishia njia huifunga programu nzima. Programu ikafunga mbele ya foleni ya wanachama, akaifungua tena, akaandika vilevile, ikafunga tena. Usiku ule nilipitia kila sehemu ya msimbo na kuiwekea namna ya kupokea makosa, kazi ambayo ilipaswa kufanyika kabla sijasambaza nakala hata moja.

Kinachosambazwa, hata hivyo, ni sura tu ya programu, na data zenyewe ni lazima zikae mahali pamoja. Mwanzoni niliziweka katika faili la Access kwenye folda ya pamoja. Faili hilo haliruhusiwi kuzidi GB 2, lakini kilichotushinda ni mtandao usio na waya uliokuwa ukikatika na kuliharibu. Nikahamishia data kwenye SQL Server Express, toleo dogo la seva ya hifadhidata ya Microsoft, ambayo nayo ni bure na haidai leseni kwa kila mtumiaji. Hadi toleo la 2022, hifadhidata moja ya Express haizidi GB 10, na toleo la 2025 limepandisha kikomo hicho hadi GB 50. Kwa chama chenye wanachama elfu chache, GB 10 ni nafasi ya miaka mingi.

Kijana mmoja anayewahudumia kompyuta alishauri wanunue SQL Server Standard, toleo la kulipia la seva hiyo, "ili wawe salama", kisha watu wote waingie kwa jina moja la mtumiaji ili ilipiwe leseni moja. Hapo nilikataa kabisa. Standard hulipiwa kwa njia mbili: ama unanunua leseni ya seva pamoja na leseni za wanaoifikia, zile ziitwazo CAL, ama unalipia viini vya prosesa, visivyopungua vinne. CAL huhesabu watu au vifaa halisi. Kuwapitisha watu kumi na sita katika jina moja, au katika programu ya kati, hakupunguzi hata leseni moja. Panapo nafuu ya halali ni kwenye kuchagua kati ya watu na vifaa: makarani wawili wanaopokezana zamu kwenye kompyuta moja wanatosheka na CAL moja ya kifaa, ilhali meneja mwenye kompyuta ya mezani na ya mkononi inamfaa CAL ya mtu.

Kwa hifadhidata zisizo za Microsoft, ningechagua PostgreSQL bila kusita, kwa sababu leseni yake inakuruhusu hata kuiuza ndani ya programu ambayo msimbo wake huutoi. Ukiifungasha MySQL pamoja na programu yako, soma kwanza masharti ya GPL, leseni huria inayoweza kukudai utoe na msimbo wa programu yako, la sivyo ununue leseni ya kibiashara kutoka Oracle, kampuni inayoimiliki. SQLite haina mwenye hakimiliki kabisa, lakini usiiweke kwenye folda ya mtandao ikaandikwa na watu kumi na sita kwa pamoja.

Ilibaki leseni yangu mimi kwao. Nilianza na namba ya siri iliyofungwa kwa kila kompyuta, nikajuta: kila Windows iliposakinishwa upya, simu yangu ililia, mara nyingine Jumapili asubuhi. Sasa mkataba unawapa haki ya kuitumia programu kwenye kompyuta zote za ofisi ile, ziwe ngapi, na unasema wazi kwamba wanapokea faili la accde, ambalo msimbo wake hausomeki, huku faili la asili likibaki kwangu. Mwenyekiti aliuliza itakuwaje nikifa. Lilikuwa swali la haki, kwa hiyo tukaongeza kifungu kimoja: nakala ya faili la asili imo ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwenye kasha la chuma la mhazini, na kila ninapotoa toleo jipya ninakwenda kuibadilisha mwenyewe.