Jinsi tulivyopima mafundisho ya "mbegu" katika ushirika wetu wa Manyatta

Mafundisho ya kupanda mbegu, yaani kumtolea mhubiri pesa ukitarajia Mungu akurudishie zaidi, yaliingia katika ushirika wetu wa nyumbani hapa Manyatta, Kisumu, kupitia simu. Mtu anatumiwa video ya mhubiri, naye anawasambazia wenzake, na kabla ya Jumapili nyingine watu wameanza kuomba kwa lugha mpya: "natamka", "napokea", "adui achia pesa zangu". Somo la katikati ya wiki naliongoza mimi, kwa hiyo jambo hilo lilikuwa langu kulishughulikia.

Sikutaka kuanza kwa kumshambulia mhubiri. Paulo alimwambia Timotheo kwamba mtumwa wa Bwana haimpasi kuwa mgomvi, na tena wanaovutwa na video zile wana mizigo ya kweli: karo, kodi ya nyumba, mtoto mgonjwa. Niliweka utaratibu mmoja tu. Aya yoyote iliyotajwa kwenye mahubiri, tunaitafuta na kusoma sura nzima kwa sauti, tukipokezana, pamoja na sura iliyotangulia.

Tukaanza na 2 Wakorintho 9:6, "apandaye haba atavuna haba". Mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye alikuja na pesa zake za kununulia mzigo, zimefungwa kwenye ncha ya leso.

"Mwalimu, nabii amesema nikizitoa hizi kabla mwezi haujaisha, deni langu linafutika."

"Sawa mama, hebu tusome kwanza."

Sura ya 8 inaonyesha wazi kinachoendelea: Paulo anachangisha kwa ajili ya watakatifu waliopungukiwa, na Warumi 15:26 inawataja kuwa maskini wa Yerusalemu. Aya ya 12 inasema mtu hukubaliwa "kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo". Halafu zinakuja aya za 18 hadi 21, ambazo sijazisikia hata mara moja kwenye video hizo. Paulo anamtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili mtu asije akawalaumu kuhusu mchango ule. Mtume aliyemwona Kristo alitaka mashahidi wa pesa! Nikawauliza: huyu wa kwenye simu anawapelekea maskini gani, na nani anazihesabu? Mama aliirudia aya ya 12 peke yake, kidole kikifuata mstari, kisha akasema kesho anakwenda kununua mzigo wake.

Kijana mmoja alipinga. "Biblia inasema msiwaguse masihi wangu." Tukafungua Zaburi 105. Wanaozungumziwa pale ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo wakiwa wageni katika nchi za watu, na wanaokemewa ni wafalme wasiwadhuru. Hakuna neno la kukataza kupima mahubiri. Luka anawaita watu wa Beroya waungwana kwa sababu walimsikiliza Paulo huku wakiyachunguza maandiko kila siku.

Swali lililonigusa zaidi liliulizwa na dada aliyetabiriwa kazi, akaipata. Je, hiyo si ishara? Nilimsomea Kumbukumbu la Torati 13. Musa anasema hata ishara ikitukia kweli, nabii akiwaita watu kwa miungu mingine wasimsikilize. Kwa hiyo kinachopimwa ni anakokuelekeza. Hili nalisisitiza bila kuchoka, kwa sababu mwaka 2023 nchi nzima iliona zaidi ya maiti 400 zikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, za watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamwone Yesu. Ndiyo maana simwambii mtu "haya ni mambo madogo".

Sio wote waliokubali. Wachache walihamia kwenye mikutano ya yule mhubiri. Yuda, anayetutaka tuishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu, katika barua hiyohiyo anasema walio na shaka wahurumiwe. Basi tunawatembelea, tukipata habari ya mgonjwa tunakwenda na unga na sukari, na hatuanzi na mabishano. Mmoja ameniuliza tukimaliza Wakorintho tutasoma nini. Nimemwambia Wagalatia, tuanze sura ya kwanza, na aje na Biblia yake.