Kusimulia Kima na Papa bila kuliharibu funzo lake

Muulize mtoto wa darasa la tatu hadithi ya wanyama inafundisha nini, atakujibu hujamaliza hata swali: "Tusiwe wachoyo." Hata kama hadithi haina mchoyo. Si kosa lake. Tumemzoesha kwamba funzo ni sentensi ya kukariri.

Chukua Kima na Papa, hadithi ya pwani iliyomo kwenye mkusanyo wa Edward Steere wa mwaka 1870. Kima yuko juu ya mkuyu kando ya bahari, anamrushia papa matunda. Urafiki unakolea, papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni. Katikati ya maji anamwambia sultani wao anaumwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Basi warudi wakauchukue.

Ukishasema "dawa yake ni moyo wa kima", nyamaza. Kisha uliza: "Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Pokea majibu matatu au manne, usisahihishe hata moja. Wa kusema aruke, muulize kama kima anajua kuogelea. Atakayesema amng'ate papa, muulize atabaki amekaa juu ya nini. Wakishakwama, endelea. Ukilitoa jibu la kima kabla hawajahangaika nalo, litawapita kama maneno mengine.

Anza kwa "Paukwa!" "Pakawa!", na wafundishe mapema kiitikio kimoja tu: ukiuliza "Moyo uko wapi?" waitikie "Mtini!" Viitikio vikizidi viwili, wadogo husahau hadithi wakabaki na kelele. Papa mpe sauti nzito ya polepole, kima ya harakaharaka, na usizibadilishe njiani.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 8, dakika 10 zinatosha, maswali yakiwa humo humo. Kima akishapanda mtini, humsimulia papa hadithi nyingine, ya Punda wa Dobi. Kwa hao wadogo iache, watachanganya nani yuko wapi. Kuanzia miaka 9 usiiache, maana utamu wote uko huko: punda anaponea makucha ya simba, sungura anamshawishi arudi, safari hii analiwa. Sungura anaula moyo na masikio kwa siri. Simba akiuliza, anaambiwa punda hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi.

Hapo mtoto mkali atauliza: "Kwani kudanganya si vibaya?" Wengi wetu hukwepa kwa "kima alikuwa na akili." Usikwepe. Papa alidanganya, kima alidanganya, sungura alidanganya. Wape watoto vijiti vitatu, kila kimoja na jina, wavipange kuanzia uongo mbaya zaidi, na kila mmoja aseme nani alipata nini na nani aliumia. Wengine watamweka sungura mbele, wengine papa kwa sababu alikuwa rafiki. Usitoe hukumu yako.

Kesho yake usiulize funzo. Uliza: papa akija tena chini ya mkuyu kuomba msamaha, kima amrushie matunda au asimrushie? Anayesema amrushie, aeleze pia kama atashuka kumpa mkononi.