Mwezi Mmoja Ugenini, Kabla ya Kufunga Begi

Mwezi mmoja ni mrefu kwa mtalii. Kwa anayekwenda kukaa na wanataaluma wenzake na kuona wanavyofanya kazi, ni mfupi mno. Wiki ya kwanza ikiishia kwenye kutafuta laini ya simu na kujibu barua pepe za ofisini, zimebaki tatu tu. Ndiyo maana maandalizi haya yananishughulisha kuliko safari yenyewe.

Naanza na barua ya mwaliko, kwa kuwa nyaraka nyingine zote huifuata. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Itaje tarehe, shughuli yenyewe, na nani analipia nauli, malazi na bima. Panapoharibika ni kwenye hesabu ya siku: barua inasema 30, tiketi inaonyesha 32, bima inakoma siku ya 30. Anayekagua maombi ya viza hawezi kukisia kwamba hizo mbili ni za njiani. Shughuli nayo itajwe ilivyo. Kuomba viza ya utalii ilhali unakwenda kushinda kwenye ofisi ya watu ni kujitafutia kurudishwa uwanja wa ndege.

Nchi nyingi hutaka pasipoti yenye uhai wa miezi 6. Eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya pamoja, hutaka miezi 3 baada ya siku ya kuondoka, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza yake huombwa mapema hadi miezi 6 kabla ya safari. Majibu kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, ila yanaweza kufika 45, kwa hiyo panga kwa hizo 45.

Dawa za kila siku zikae kwenye pakiti zake, kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na akiba ya wiki moja. Barua ya daktari itaje kiambato, kwa kuwa majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Zenye kodeini, kiambato cha baadhi ya dawa za maumivu na kikohozi, zichunguzwe mapema. Kwingine hudhibitiwa vikali.

Linalopuuzwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni makabidhiano ya kazi. Ukurasa mmoja unatosha: kazi zinazoendelea, mafaili yalipo, nani ana mamlaka ya kuamua, na yapi yasubiri urudi. Kabidhi wiki moja kabla, anayekushikia aanze kazi ukiwa bado upo. Maswali ya kweli huibuka siku ya pili au ya tatu, na ukikabidhi jioni ya mwisho yatakufuata usiku wa manane kwa tofauti ya saa.

Kwa wenyeji, tuma maombi badala ya maswali mapana. Ukiuliza "mnapangaje kazi?" utapewa hotuba. Ukiomba kukaa kwenye kikao chao cha kila wiki, na kuonyeshwa fomu wanazojaza, utaona wanavyobishana na wanapokwama.

Nawe uende na wasilisho la dakika 10: kazi moja halisi, toka mwanzo hadi mwisho, pamoja na pale ilipogoma. Ondoa majina ya wateja, pata kibali cha mwajiri, kisha lihifadhi pia kama PDF, kwani kompyuta ya wenyeji isipokuwa na fonti zako mpangilio wote huvurugika.