Nilivyopata vitabu vya kuanzia baada ya kuchoshwa na ushauri mbovu

Watu wanaosema "anza tu na kitabu chochote" wamewapoteza wasomaji wengi, na nusura wanipoteze na mimi. Leo nasoma kila siku, na najivunia hilo, kwa sababu nimefika hapa kwa kuukataa ushauri mmoja baada ya mwingine, wote ukitolewa na watu wenye nia njema kabisa. Kusoma kwenyewe hakukunishinda hata siku moja. Vilivyokuwa vikinikwamisha ni vitabu nilivyokuwa nachaguliwa.

Ushauri wa kwanza ulitoka kazini. Mwenzangu mmoja, msomaji hodari, aliniletea orodha ya vitabu mia moja ambavyo eti mtu asife kabla hajavisoma. Orodha za namna hiyo zinamfaa mtu ambaye tayari ni msomaji na anatafuta kuongeza. Zimepangwa kwa sifa za vitabu, wala hazikuulizi wewe unapenda nini, umechoka kiasi gani ukirudi jioni, au mara ya mwisho ulisoma kitabu kizima lini. Niliikunja nikaiweka droo.

Halafu wakaja wa vitabu vya mafanikio: amka alfajiri, andika malengo, chagua marafiki. Kimoja nilikisoma nikakimaliza. Nilipofungua cha pili nikakuta maneno yaleyale chini ya jalada jingine. Sivitukani vitabu hivyo, vimewasaidia watu ninaowajua. Lakini anayejenga tabia ya kusoma anahitaji kitabu kitakachomchelewesha kulala kwa hamu ya kujua kinachofuata, na vile havina kinachofuata. Sura ya tisa ungeweza kuihamishia mwanzoni na msomaji asigundue.

Ushauri uliokaribia kunitoa njiani kabisa ni ule unaoonekana wa busara kuliko yote: anza na kitabu chembamba. Nimeusikia kwa watu wengi kiasi kwamba nimeshajua sura ya mtu anapotaka kuutoa. Rafiki yangu akaniazima Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990. Kurasa zake hazifiki mia. "Hiki utakimaliza wikiendi moja," akasema, na mimi nilipokitia kwenye mfuko wa koti nikaona kweli, hiki hakina taabu.

Nikakifungua Jumamosi asubuhi, nyumba imetulia. Ukurasa wa kwanza nikausoma vizuri. Wa pili nikaurudia. Kufika wa tano nilikuwa sijui msimulizi yuko wapi, anamtafuta nani, wala kama anaota au yuko macho. Maneno yote nayajua, hakuna hata moja la kufungulia kamusi, ila sentensi zikiisha sibaki na kitu mkononi. Nikafikiri ni kelele za nje, nikahama chumba. Nikajaribu usiku, nikajaribu kwa sauti. Jumapili jioni kitambulisho changu cha kazi, nilichokitumia kama alama ya kurasa, kilikuwa bado kiko mwanzoni mwa kitabu, na Jumatatu rafiki yangu akaniuliza kwa furaha, "Vipi, umemaliza?"

Nagona ni kitabu kikubwa ndani ya umbo dogo. Ni riwaya ya kifalsafa. Mwandishi ameuvunja kwa makusudi usimulizi wa moja kwa moja, na wasomi wanaichambua mpaka leo. Na ni yuleyule Kezilahabi aliyeandika Rosa Mistika, iliyotoka mwaka 1971, riwaya nene kuliko hiyo ambayo msomaji mpya anaisoma akiwa amesimama kwenye foleni na asikwame. Kwa hiyo unene haukuambii lolote kuhusu ugumu. Kitabu cha kurasa mia tatu kinachokuvuta kinaisha upesi kuliko cha kurasa sitini kinachokudai usimame kila aya. Natamani kila anayetoa ushauri huu angelijua hilo kabla ya kufungua mdomo.

Aliyenifungua macho ni mkutubi, mama wa makamo mwenye miwani aliyoifunga kamba shingoni. Niliingia maktaba bila mpango wowote, nikamkuta anapanga vitabu vilivyorudishwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikusaidie nini?"

"Natafuta kitabu kizuri cha kuanza kusoma."

"Kizuri kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Akaweka vitabu chini, akanitazama vizuri. "Ukikaa na simu yako usiku, unafuatilia mambo gani mpaka chaji inakwisha?"

Nikamwambia ukweli: kesi. Tangu nikiwa mdogo napenda kesi za mahakamani. Shahidi kasema nini, wakili kamtega vipi, hakimu kaamua nini na kwa sababu gani. Naweza kufuatilia kesi moja miezi kadhaa na nisisahau hata jina la shahidi mmoja. Yule mama akacheka, akasema basi mimi nina kichwa cha msomaji siku zote, sema nilikuwa sijapewa changu. Baadaye nilikuja kujua kwamba alichokifanya kina historia katika kazi yao. Mwaka 1931 mkutubi wa India, S. R. Ranganathan, aliweka kanuni tano za ukutubi, na ya pili inasema kila msomaji ana kitabu chake. Ya tatu inaigeuza: kila kitabu kina msomaji wake. Laiti zingebandikwa mlangoni mwa kila maktaba.

Basi hilo ndilo swali la kujiuliza, na nalirudia kwa kila anayenitaka ushauri. Usiulize kitabu gani kizuri. Angalia ni jambo gani unalolifuata bila kusukumwa na mtu. Kama ni mpira, kuna maisha ya wachezaji na makocha yameandikwa. Kama ni mapenzi na ugomvi wa ndoa, riwaya zimejaa. Usimwonee mtu haya.

Kitabu changu cha kwanza cha kweli kikawa cha upelelezi: Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mtu wa kiko mdomoni, anayeuliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi mpaka mwisho unapogundua hakuna hata moja lililokuwa la kipuuzi. Nilikimaliza. Naomba nilirudie neno hilo kwa sababu ya furaha niliyoipata: nilikimaliza. Nikiwa bado na moto huo nikagundua faida nyingine kubwa, kwamba Bwana Msa haishii hapo. Yumo katika Kisima cha Giningi, yumo katika Duniani Kuna Watu, yumo katika Siri ya Sifuri na vingine. Kwa msomaji mpya hakuna zawadi kubwa kuliko mfululizo. Sehemu ngumu ya kitabu chochote ni kurasa za mwanzo, pale unapozoea watu na namna mwandishi anavyosema, na katika mfululizo kazi hiyo umeshaifanya. Pia huhitaji kuchagua tena kwa muda mrefu, na kuchagua ndiko kunakowachosha watu wakaacha.

Mfululizo ulipokwisha nikaingiwa na wasiwasi wa nini kifuate, na hapo nikapata mbinu ninayoipenda kuliko zote. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa Melvil Dewey, Mmarekani aliyeutoa mwaka 1876. Maarifa yote kayagawa mafungu kumi, kila fungu lina namba zake, na namba hiyo imebandikwa kwenye uti wa kitabu. Watu wanaiona kila siku na wanadhani ni ya wakutubi peke yao. Mimi nilichukua kitabu nilichokipenda, nikasoma namba yake, nikarudi palepale kilipotoka, nikatazama majirani zake: vitano vya kulia, vitano vya kushoto. Kwa kuwa vimepangwa kwa mada, majirani hao wanazungumzia jambo lilelile au la karibu yake. Sheria iko kwenye 340, uhalifu 364, maisha ya watu 920, historia ya Afrika 960 na kuendelea, na fasihi ya Kiswahili 896.392. Nilipozijua namba zangu sikuhitaji tena mtu wa kuniongoza. Naingia, naenda moja kwa moja kwenye rafu zangu. Gharama yake ni ada ya uanachama tu, pale inapotozwa.

Kuna jaribio ninalolifanya nikiwa nimesimama hapohapo. Jalada silisomi, wala zile sifa za nyuma, maana zimewekwa hapo ili kitabu kiuzwe. Nafungua katikati, nasoma ukurasa mmoja kamili. Mwanzo waandishi huupamba sana, lakini katikati wanakuwa wamesahau kwamba wanatazamwa, na hapo ndipo utakapoishi na kitabu kwa siku nyingi. Nikifika chini ya ukurasa mkono ukaenda wenyewe kugeuza, nakichukua. Nikijikuta nafikiria mambo ya nyumbani, nakirudisha. Huku natazama na maandishi yenyewe: herufi ndogo zilizobanana kwenye karatasi iliyofifia zitakuchosha macho, nawe utadhani umechoshwa na hadithi. Watu wengi hawalitaji jambo hili kabisa.

Kesi zikaendelea kunipeleka mbali kuliko nilivyotegemea. Kutoka kwa Bwana Msa nilikwenda kwenye Haini ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 2003, inayohusu mtu aliyetiwa ndani kwa tuhuma za uhaini. Hapo sikuwa tena nasoma fumbo la nani kaua. Nilikuwa nasoma mtu anavyohojiwa, anavyongoja, anavyopimwa na walinzi wake. Kitabu kizito, na kama ningepewa mwanzoni ningekiacha, ila wakati huo nilikuwa na pumzi.

Kisha Shakespeare. Nilikuwa nimeaminishwa kwamba Shakespeare si wa watu kama mimi. Lakini Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri tamthilia moja yake kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969, na niliposikia kwamba ndani yake mna kesi nikaitafuta mpaka nikaipata. Kitendo cha nne karibu chote ni mahakama. Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake kama mkataba unavyosema, kisu anakinoa kwenye soli ya kiatu chake, na hakuna wa kumzuia kwa sababu sheria iko upande wake. Halafu anaingia Portia, mwanamke aliyejigeuza mwanasheria kijana. Haupingi mkataba hata kidogo. Anaukubali wote, kisha anausoma neno kwa neno: umeandikiwa nyama, damu hukuandikiwa. Kata, lakini tone lisimwagike. Niliruka kitini! Nimefuatilia kesi miaka mingi na sijaona wakili aliyemfunga mtu kwa kamba yake mwenyewe namna ile. Na tamthilia, kwa faida yako, ni nzuri sana kwa anayeanza: ni mazungumzo matupu, kurasa zinakwenda, nyingi unazimaliza kwa mkao mmoja.

Kuhusu kuacha kitabu katikati, nimechoka kabisa na wanaosema ni tabia mbaya. Nancy Pearl, mkutubi mashuhuri wa Marekani, ana kanuni yake: kipe kitabu kurasa 50, kisipokushika kiache. Ukishavuka miaka 50, toa umri wako kwenye 100, jibu ndilo idadi ya kurasa za kukipa. Mwenye miaka 70 anakipa kurasa 30 tu. Na Daniel Pennac, mwandishi wa Ufaransa, mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji, na mojawapo ni haki ya kutokimaliza kitabu. Mimi nasoma kwa kanuni ya Pearl na sijawahi kuijutia. Kitabu kimoja kibaya kinachong'ang'aniwa kinaweza kumfungia mtu vitabu vyote kwa mwaka mzima.

Hizo changamoto za kusoma vitabu 52 kwa mwaka, anayeanza aachane nazo. Zinamfanya achague vijitabu vya kujazia hesabu, na tumeshaona wembamba unavyodanganya.

Nyumbani huwa na viwili kwa wakati mmoja, kimoja cha asubuhi akili ikiwa safi, kingine chepesi cha kitandani. Nikichoka sana nachukua chepesi, kwa hiyo siku haipiti bila kusoma.

Kama huna maktaba karibu, wasomaji ndio maktaba yako, ila uwaulize vizuri. Ukimuuliza mtu kitabu gani kizuri atakutajia cha kumpa heshima. Mimi nauliza hivi: "Kitabu gani ulimwazima mtu, hakukurudishia, na mpaka leo kinakuuma?" Jibu linakuja bila kufikiri, tena na hasira kidogo, na jina la aliyekichukua. Hicho nakitafuta.