Ini la Mjomba Halikuwa na Kosa

Mjomba alitapika damu usiku wa kuamkia Idi, nyumbani kwake Ngamiani, Tanga, na kabla bajaji haijafika majirani walikwishatoa hukumu: ini limekwisha, pombe ya mnazi imemmaliza. Miaka mingi alilalamikia maumivu ya chembe cha moyo yanayopenya hadi mgongoni, yakizidi akishakula, na kila zahanati ilimpa dawa za vidonda vya tumbo.

Hospitali ya Bombo akaongezewa damu. Kamera ya tumbo haikuona kidonda. Iliona mishipa iliyovimba, tena juu ya tumbo tu, umio, yaani njia ya chakula, ukiwa safi. Hapo dokta akashtuka, maana ini likiharibika, umio ndio huvimba mishipa kwanza. Kwenye ultrasaundi ini lilikuwa zima. Kilichovimba ni bandama. Rufaa, Muhimbili.

Siti skani ikaonyesha kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, limesinyaa, limejaa vijiwe. Daktari wa upasuaji, kijana mpole, alinichorea nyuma ya risiti: vena ya bandama, mshipa unaotoa damu humo, hupita mgongoni mwa kongosho. Kongosho likivimba na kupoa, likivimba na kupoa, miaka nenda miaka rudi, vena hiyo hubanwa, damu ikaganda humo, njia ikaziba.

"Huko kwenu Ngamiani barabara ikifungwa, magari yanafanyaje?"

Yanapita vichochoroni. Na vichochoro vyenyewe ni vena ndogo za tumbo, hazikuumbwa kwa msafara ule; hutanuka, siku moja hupasuka.

Alitafuta pia ateri, mshipa unaopeleka damu, iliyoliwa na maji ya kongosho ikatunga kifuko. Hicho, alisema, wangekiziba kwa ndani kwa mrija mwembamba uliopitishwa kinenani, kisu kikabaki akiba. Hakikuwepo.

Basi litolewe bandama, msafara ukatwe kwenye chanzo. Mkewe alikataa katakata: mtu ataishije bila bandama? Ataishi, mama, ila kwa masharti. Chanjo za nimonia na uti wa mgongo zilitangulia, wiki 2 kabla. Homa yoyote, hospitali siku hiyohiyo. Na malaria, Tanga hii ya mbu, si ya kumezea vidonge vya dukani.

Walifunga kwanza ateri inayolipelekea bandama damu, ndipo wakalitoa. Hajatapika damu tena. Kongosho ni lilelile, maumivu yangalipo, na pombe marufuku. Aliposomewa sharti hilo la mwisho, Mjomba alimkazia macho dokta.

"Bandama umechukua, mwanangu. Na mnazi unautaka?"